Geji Imefungwa, Mshale Unadanganya: Kutafuta Kosa Kwenye Geji za Ziada za Gari

Wanaofunga geji za ziada huku kwetu wako wa aina tatu hivi. Kuna mwenye Land Cruiser ya injini ya dizeli ya 1HZ aliyeongeza tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini), anataka kujua moshi unatoka na joto gani. Kuna kijana wa Subaru Forester anayetaka kuona tabo inasukuma upepo kiasi gani. Halafu kuna mwenye Noah au Hiace ya abiria ambaye gari lilimchemshia mlimani, akaapa kutouamini tena mshale wa kiwandani. Huyu wa mwisho ndiye mwenye sababu nzito. Mshale wa joto uliokuja na gari umetengenezwa, kwenye magari mengi, ukae katikati hata joto likicheza kati ya sentigredi 80 na kitu hadi karibu 100 au zaidi, ili dereva asisumbuke. Ukija kuuona unapanda, mambo yameshaharibika.

Geji ya ziada haina huruma hiyo. Inasema kila inachokiona, pamoja na makosa ya aliyeifunga. Geji nyingi zinazorudishwa gereji zikiitwa mbovu ni nzima kabisa. Kilichooza ni waya, na kati ya nyaya zote wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri, ndiye msumbufu mkuu. Kwa hiyo kabla hujaenda kugombana na muuza spea, na kabla hujamruhusu mtu afungue injini kwa sababu ya mshale, pima kwanza. Maelezo haya yamepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako.

Kipimo cha kuanzia

Multimita ya bei ya kawaida inatosha. Ongeza waya wa mita tatu nne wenye klipu kila ncha, na karatasi ya mchoro iliyokuja na geji (usiitupe pamoja na boksi, wengi huitupa). Tesa ya balbu inafaa kwenye fyuzi, lakini usiichomeke kwenye nyaya za kompyuta ya gari, kwa sababu balbu huvuta umeme mwingi kuliko saketi hizo zinavyohimili. Na nyaya zilizovikwa plastiki ya njano au zenye soketi ya njano chini ya usukani ni za eabegi. Hizo usizikate, usizipime, usizichune hata kidogo.

Kipimo chenyewe kinachukua dakika mbili na kinakuambia kosa liko upande wa geji au upande wa sensa. Chomoa waya wa sensa kule kwenye injini, geuza funguo bila kuwasha injini, tazama mshale. Kisha gusisha ncha ya ule waya kwenye chuma kitupu cha bloku (mwili wa injini) kwa sekunde moja mbili. Geji ya joto inatakiwa ilale kwenye baridi waya ukiwa hewani, na ipande hadi mwisho ukigusishwa. Geji ya presha ya oili ya mtindo wa Kimarekani, ile ya omu 240 hadi 33, nayo inalala ukiwa hewani na kupanda ukigusishwa. Ya chapa ya VDO, omu 10 hadi 180, inafanya kinyume: hewani inapanda, ukigusisha inashuka.

Mshale ukitii, geji na waya wake ni vizima. Hamia kwenye sensa na ethi yake. Ukigoma, acha sensa, shughulika na waya au geji yenyewe. Ila kipimo hiki ni cha sensa za omu, zenye waya mmoja au mbili. Sensa yenye nyaya tatu inalishwa volti 5 na geji, hiyo usiigusishe bodi.

Geji haiwaki kabisa

Hapa hapana siri kubwa. Pima volti kati ya waya mwekundu wa geji na nguzo hasi ya betri, funguo ikiwa wazi. Hakuna kitu? Fyuzi imekatika, au umechukua moto (umeme wa chanya) mahali ambapo hauji mpaka kitu kingine kiwashwe. Kuna volti 12? Basi hamisha waya mweusi wa mita kutoka kwenye nguzo ya betri uupeleke kwenye ethi ya geji. Volti zikipotea, umeshajua.

Wengi huchukua umeme nyuma ya redio kwa sababu ni karibu. Kwenye Toyota zenye soketi ya redio ambayo haijachezewa, bluu yenye mstari wa njano ni moto wa kudumu, kijivu ni wa aksesori, kijani ni wa mwanga wa usiku, kahawia ni ethi. Neno muhimu hapo ni «haijachezewa». Gari lililobadilishwa redio mara mbili tatu lina rangi za kila aina nyuma yake, kwa hiyo mita ndiyo itakayokuambia ukweli.

Kama geji iliwaka mara moja ikatoa harufu na kuzima moja kwa moja, pima betri. Canter, Fuso na Dyna nyingi zina umeme wa volti 24, na hata baadhi ya Land Cruiser za dizeli. Kuwa na betri mbili si ushahidi: zinaweza kuwa zimeungwa sambamba zikatoa 12, au kwa mfuatano zikatoa 24. Mita ikisoma 28 hivi injini ikiwaka, geji ya volti 12 haikuwa na nafasi ya kupona.

Inawaka vizuri, lakini mshale wa joto hauondoki chini

Uliza kwanza: sensa imefungwa wapi? Kama iko kwenye kile kipande cha alumini kinachoingizwa katikati ya mpira wa juu wa rejeta, jibu tayari unalo nusu. Sensa ya waya mmoja hupata ethi kupitia mwili wake, kwenye chuma ilichoingia. Kile kipande kimebanwa na mpira huku na huku, hakigusi injini wala bodi. Ndiyo maana kina tundu dogo la skrubu pembeni, ambalo wafungaji wengi hulipita wakidhani ni la mapambo. Funga waya wa ethi hapo, uupeleke kwenye bloku, na mshale utaamka.

Ikiwa sensa imeingia kwenye chuma cha injini na bado imelala, angalia thredi zake zimezungushiwa tepu nyeupe kiasi gani. Mizunguko miwili haina neno, chuma hujipenyeza na kugusana. Mizunguko mingi inaweza kuikatia ethi. Pima omu kati ya mwili wa sensa na bloku, waya ukiwa umechomolewa. Isipokaribia sifuri, ifungue, safisha, tumia gundi ya thredi badala ya tepu.

Kuna hali nyingine mbili ambazo si ubovu. Kwenye injini nyingi maji hayapiti kwa wingi kwenye mpira wa juu mpaka themostati ifunguke, kwa kawaida sentigredi 82 hadi 88. Geji ya hapo italala kwa dakika nyingi halafu itapanda kwa ghafla. Iache, ndivyo inavyotakiwa. Na kama themostati ilishang'olewa na fundi fulani «ili gari lipoe», jambo ambalo limekuwa dini kwenye gereji zetu, mshale utakaa 60 au 70 barabara kuu na kupanda kwenye foleni. Geji inasema kweli. Rudisha themostati.

Kwenye sensa hiyo ya mpira kuna jambo moja ambalo mwenye gari ni lazima alijue. Sensa inasoma maji yanayoigusa. Maji yakiisha, inabaki kwenye mvuke au hewa, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale wa joto ukishuka ghafla ukiwa unapanda mlima na mzigo, usishukuru. Simama.

Mshale umeegemea mwisho wa juu mara tu funguo inapogeuzwa

Chomoa waya kwenye sensa. Ukibaki juu, na geji ni ya joto au ya presha ya Kimarekani, waya umegusa bodi mahali fulani. Tafuta pale unapopita kwenye ukuta wa injini. Tundu la chuma lisilo na mpira hukata ngozi ya waya taratibu, na kosa linajitokeza baada ya wiki kadhaa za mtikisiko wa barabara ya vumbi. Pengine pa kutafuta ni juu ya ekzosi.

Ukishuka baada ya kuchomoa, shuku sensa isiyo ndugu ya geji. Hili hutokea sana kwa vitu vya kununua kimoja kimoja: geji duka hili, sensa duka lile, kwa sababu «thredi zimeingia». Sensa ya presha ya VDO injini ikiwa imezimwa ina omu 10 hivi. Geji ya Kimarekani inaona omu chache hizo, inadhani presha imejaa, inapanda hadi mwisho. Washa injini, presha inaongezeka, omu zinaongezeka, na mshale unashuka. Ukiona geji ya oili inayoshuka unapokanyaga mafuta, usiguse pampu ya oili. Pima omu za sensa injini ikiwa imezimwa, linganisha na karatasi ya geji. Hakuna waya wa kugeuza utakaorekebisha hilo. Nunua sensa inayolingana na geji.

Mshale unapanda ukiwasha taa, feni au indiketa

Hii ndiyo dalili niipendayo, kwa sababu inafundisha umeme wa gari kuliko zote, na ndiyo inayowapeleka watu dukani bure.

Mwenye Noah aliingia na maneno yake tayari. «Fundi, hii geji uliyonifungia ni ya bandia.» Nikamwomba aache injini inanguruma. Mshale ulikuwa 88. «Bosi, hebu washa taa kubwa.» Mshale ukasogea hadi 95, papo hapo. «Zima.» Ukarudi 88. Maji ya rejeta hayapati moto kwa kuwashwa taa, wala hayapoi kwa sekunde moja. Alikaa kimya kidogo akaiwasha tena mwenyewe.

Kinachotokea ni hiki. Geji inapima volti kati ya waya wa sensa na ethi yake yenyewe. Inaamini kwamba ethi yake na ethi ya sensa, yaani bloku, ni mahali pamoja. Sasa umeme wa taa, feni na redio unarudi kwa alteneta kupitia bodi, kisha kupitia mkanda wa ethi unaounganisha bodi na injini. Mkanda ukiwa umeoza, au skrubu ya ethi ya geji ikiwa imeshirikiana na vitu vinavyokula umeme mwingi, kunazaliwa tofauti ya volti kidogo kati ya pande mbili hizo. Sehemu chache za kumi za volti zinatosha. Kwa geji, sensa inaonekana kuwa na volti ndogo kuliko ilizo nazo, na kwa sensa za joto volti ndogo maana yake joto kubwa. Mshale unapanda.

Usipime hili kwa omu. Uzi mmoja wa shaba uliobaki kwenye waya uliokatika utakuonyesha omu sifuri na kukudanganya vizuri sana. Pima kwa volti, mzigo ukiwa umewaka. Weka mita kwenye volti 2 za DC. Injini inaunguruma, taa kubwa, feni ya ndani na hita ya kioo cha nyuma vyote vimewashwa. Ncha nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, nguzo siyo tamino. Ncha nyekundu gusisha kwa zamu: tamino hasi, bodi karibu na betri, bloku, kisha ethi ya geji. Kila mahali inatakiwa isomeke chini ya volti 0.1. Mahali inaporuka, kosa liko kati ya hapo na ulipotoka.

Kwa ile Noah iliruka kwenye bodi karibu na betri. Gari lilishagongwa mbele, likanyooshwa na kupigwa rangi, na bolti ya ethi ilirudishwa juu ya rangi mbichi. Ilionekana imekazwa, na imekazwa kweli, ila inabana rangi. Kipande cha msasa, bolti ileile, grisi kidogo juu yake, mshale ukatulia. Magari yaliyopita kwa mafundi wa bodi yana ugonjwa huu kwa wingi, na ya pwani yana wake: Tanga, Mombasa, Unguja, chumvi ya hewani inaingia ndani ya waya kutoka kwenye maungio, shaba inageuka kijani au nyeusi kwa sentimita kadhaa huku ngozi ya nje inang'aa. Chuna waya kidogo nyuma ya ungio. Ukiona weusi, endelea kukata mpaka shaba iwe nyekundu.

Halafu tiba ya kudumu: kusanya ethi za geji zote kwenye waya mmoja mnene, uupeleke kwenye bloku au kwenye nguzo hasi. Skrubu ya dashibodi ni rahisi kuifikia, na ndiyo inayoleta haya yote.

Mshale unatetemeka au unarukaruka

Sikiliza mdundo wake. Ukiruka sawa na indiketa, rudi juu, ni ethi. Ukiruka gari linapopita shimo, ni ungio lililolegea. Shika waya kipande kwa kipande uutikise huku mtu anatazama geji. Zile klipu za plastiki zinazong'ata waya bila kuuchuna ndizo za kwanza kushuku, zinakata nyuzi za shaba na kuachia nafasi ya unyevu. Lehemu kwa risasi au bana tamino kwa koleo lake, kisha vika mpira unaosinyaa kwa moto. Tepu nyeusi peke yake, kwa joto la ndani ya boneti zetu, itateleza na kuacha gundi.

Ukitetemeka haraka zaidi kadiri injini inavyozunguka, waya wa sensa huenda unatembea ubavuni mwa nyaya za plagi au koili. Usogeze mbali, na zikikutana zikatize kwa pembe ya mraba. Kama bado, weka mita kwenye AC uipime betri injini ikiwaka. Ikizidi nusu volti, kuna dayodi iliyokufa ndani ya alteneta, na geji ilikuwa ya kwanza kukuambia.

Tangu geji ifungwe, gari linakula mafuta

Kosa hili ni baya kuliko mengine. Mfungaji hakutaka kutoboa wala kukata mpira, akaona sensa ya joto tayari ipo kwenye injini, akaunganisha waya wa geji hapohapo. Kwenye injini za petroli za kompyuta, sensa ile yenye nyaya mbili ni macho ya kompyuta. Inafanya kazi kwa volti 5. Geji inapojiunga inasukumia volti zake, volti za waya ule zinapanda, na kwa kompyuta volti ya juu maana yake injini ni baridi. Inaongeza mafuta kama asubuhi, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inakaa juu, moshi unanuka petroli. Mara nyingi taa ya injini inawaka na mashine ya kupimia inasoma P0118, kodi ya volti ya sensa ya joto kuwa juu mno. Kwenye Toyota nyingi feni ya rejeta nayo inazunguka bila kupumzika, maana kompyuta ikikosa kuamini sensa huchagua usalama.

Tenganisha, rudisha waya wa kompyuta ulivyokuwa, futa kodi. Geji inahitaji sensa yake.

Ndugu yake mdogo ni taa ya oili. Ukigeuza funguo bila kuwasha injini, ile taa nyekundu ya oili lazima iwake. Isipowaka baada ya kufunga geji, swichi ya kiwandani ilitolewa na sensa ya geji ikachukua nafasi yake. Weka tii (kiungo cha njia tatu), vyote viwili vikae. Geji unaitazama ukikumbuka, ile taa inakutazama wewe.

Oili au maji yanavuja pale ilipoingia sensa

Magari ya Japani, Toyota, Nissan, Subaru, yana tundu la swichi ya oili la aina ya thredi iitwayo 1/8 BSPT, lenye thredi 28 kwa inchi. Sensa nyingi za madukani ni 1/8 NPT, thredi 27. Kwa macho ni mapacha. Inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inakuwa nzito, fundi anaongeza nguvu, na tundu la alumini linapasuka au linavuja milele. Tepu haiponyi hilo. Tafuta adapta ya BSPT kwenda NPT kabla hujaanza.

Kosa la pili la hapo ni mnara: adapta, tii, kipande kirefu cha shaba, halafu sensa kubwa yenye uzito mwishoni, vyote vimesimama juu ya bloku inayotetemeka. Shaba inachoka na kukatika, na oili inamwagika kwa presha juu ya ekzosi. Tumia hosipaipu fupi ya oili, funga sensa kwenye ukuta wa boneti, na ukumbuke kuipelekea waya wa ethi. Njia nyingine ni sahani inayokaa chini ya filta ya oili. Angalia thredi zake kwanza: Subaru za injini ya EJ ni M20x1.5, Toyota nyingi za petroli ni 3/4-16, na hizi mbili hazibadilishani.

Geji ya tabo haikai sifuri

Umeinunua Mombasa, ukaifunga, ikasoma vizuri. Umefika Nairobi, injini imezimwa, inasoma karibu bar 0.2 chini ya sifuri. Haijaharibika. Nairobi iko juu kama mita 1,700 na kitu, hewa yake ni nyepesi, na geji zenye sensa ya presha halisi zilizowekewa sifuri usawa wa bahari zitaona tofauti hiyo. Nyingine zina kitufe cha kuweka sifuri upya. Vivyo hivyo mvuto wa sailensa: injini ya petroli nzima inayosoma inchi 18 hadi 20 za zebaki pwani itapungua kama inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Kabla hujatafuta mpasuko kwenye mipira, kumbuka ulipo.

Dizeli kama 1HZ haina kizuizi cha hewa kwenye manifoldi, hivyo geji kukaa sifuri kwenye sailensa ni sawa. Lakini petroli yenye mvuto mdogo na sailensa inayoyumba, chunguza ule mrija mwembamba wa geji. Unapasuka pale unapobanwa na klipu, na injini inavuta hewa ya wizi kupitia hapo.

Geji ya joto la moshi inarudi nyuma

Injini inapata moto, mshale unashuka: nyaya za kipima joto zimegeuzwa. Wengi wa hizi ni aina ya K, na kwa rangi za Kimarekani njano ni chanya, nyekundu ni hasi, ambayo ndiyo inayomponza kila fundi aliyezoea nyekundu kuwa moto. Kama rangi zimefutika, chukua sumaku ndogo. Waya unaovutwa na sumaku ndio hasi. Na usiurefushe kwa waya wa shaba wa kawaida, usomaji utapotea njiani. Kuna waya wake wa aina ileile ya K.

Mwanga haupungui, au betri imelala asubuhi

Swichi ya kupunguza mwanga wa dashibodi kwenye Toyota na Subaru nyingi hukaa upande wa ethi. Ukipeleka hasi ya taa ya geji kwenye bodi, unairuka. Ipeleke kwenye waya hasi wa mwanga, ule mweupe wenye mstari wa kijani kwenye Toyota nyingi. Njia hii haifai kwa geji za LED zenye ubongo wake. Hizo zina waya maalumu, soma karatasi.

Betri: geji tatu zinazokunywa ampea 0.1 kila moja, zikichukua moto wa kudumu, zinakula karibu ampea-saa 7 kwa siku. Betri ndogo ya ampea-saa 45 haitavumilia wiki nzima ya kusimama. Hamisha kwenye umeme wa IG, ule unaokuja funguo ikigeuzwa hadi ya kuwashia injini. Ukichukua wa aksesori, geji zitazima na kuanza upya kila unapopiga stata, jambo ambalo si ubovu bali kero.

Presha ya oili inashuka injini ikipata moto

Nimeiacha mwisho kwa sababu hapa geji inaweza kuwa haina kosa lolote. Oili ya moto ni nyepesi, presha lazima ishuke. Vitabu vya injini kadhaa za Toyota, 1HZ ikiwemo, vinakubali bar 0.3 tu kwenye sailensa injini ikiwa moto, na 1HZ inatakiwa iwe na bar 2.5 au zaidi kwenye mizunguko 3,000. Mtu aliyezoea kuona bar 4 asubuhi anaona 0.8 mchana anadhani beringi zimekwisha. Hazijaisha.

Ikiwa chini ya hapo, fanya kipimo cha kugusisha waya, kagua ethi kama ilivyoelezwa, kisha azima geji ya mekanika ya gereji, ile ya mpira na saa, uifunge moja kwa moja kwenye tundu la swichi. Hii ni ya kupimia tu. Mrija wa oili moto usiupitishe ndani ya gari kuja kwenye dashibodi. Pasha injini mpaka feni izunguke mara mbili, usome sailensa na 3,000. Zikitofautiana na geji yako, sensa ni ya kubadilisha. Zikikubaliana, na zote ziko chini ya kipimo cha kitabu, zima injini hapohapo. Kazi ya fundi umeme imeishia hapo. Mpigie fundi injini aje na ufunguo wa kufungulia sampu (beseni la oili chini ya injini), na kama yuko mbali, gari livutwe.